Makofi Msibani

Mtumishi hodari wa wakala wetu wa maji haongezewi mshahara. Anapewa ngao ya kutundika sebuleni. Kila akiingia, ngao inampongeza, na sheria inataka wote waliomo wasimame wapige makofi.

Mimi nilipewa kwa kutokosa kazi hata siku moja, hata ile wiki mume wangu alipolazwa hospitali.

Leo tumemzika. Nilipovuka mlango kutoka makaburini, ngao ikaanza: "Hongera, Nyamizi, hujawahi kukosa kazi."

Waombolezaji wakainuka mikekani, wakapiga makofi. Wifi yangu alinikazia macho. "Kaka alikuwa anakuulizia kila siku," akasema, huku akipiga.

Nikaenda jikoni kuchukua mchi niivunjevunje takataka ile. Niliporudi nao sebuleni, ngao ikanipongeza tena. Wakasimama tena.