Shimo la Magimbi

Losa alishuka katika shimo la magimbi, lililochimbwa katikati ya kisiwa hadi kwenye maji matamu ya ardhini, kuchimba chakula cha harusi ya binti yake Talia. Gimbi la kwanza lilitoka limeoza. La pili pia. Alichovya kidole katika maji yaliyotuama miguuni pake, akalamba.

"Yana chumvi," alisema.

Mumewe Tavita, aliyesimama ukingoni, alicheka. "Bahari haijavuka hata ukuta wa pwani!"

"Haikupita juu, Baba Talia. Imepita chini yetu."

Kijijini wasichana walikuwa wakijifunza nyimbo za harusi.

Kitu kilimgusa Losa kwenye kifundo cha mguu. Alitazama chini, akaona samaki mdogo wa baharini akizunguka taratibu kati ya mashina. Hakumwita mumewe.