Nembo ya Wabeba Mizigo

Vita vya wanyama vilipokwisha, Simba aliamuru kila kikosi kiwe na nembo yake. Chui na wapiganaji wake wakachagua ukucha. Punda, mkuu wa wabeba mizigo, akasema, "Mtukufu, nembo yetu imkumbuke marehemu mke wangu. Alianguka mlimani akiwapelekea askari maji."

"Atakuwemo," Simba akaahidi.

Fisi, fundi wa jeshi, akaleta nembo za ngozi. Punda akaipapasa yake, akakuta kovu la kamba ya mizigo, lile alilozoea kulilamba kila jioni.

"Fundi, hii ngozi ya nani?"

"Kwani si ulitaka awemo?"

Wakamtwika Punda nembo zilizobaki awapelekee wenzake. Akashuka mlima polepole, akichelea mkewe asije akaanguka tena.