Kekee ya Barafu

Salha alibana pumzi nyuma ya mlango wa jiko. Sebuleni, mumewe Khalfan alikuwa akizungumza kwenye simu kwa sauti ya chini.

"Ibrahimu, nitafutie kekee ya barafu hapo dukani kwenu, uniletee sasa hivi. Inchi nane ya nini, bwana? Sita inatosha. Na iwe nyepesi. Mikono yake laini ile, haijazoea uzito."

Kekee! Moyo ukampiga pa! Ile bangili pana ya fedha, kama aliyokuwa akivaa bibi yake kule Makunduchi. Na huyo Barafu ndiye nani? Enzi za uchumba, yeye Salha ndiye aliyeitwa barafu wa moyo. Tangu wahamie Doha hajaitwa tena. Kumbe jina limepata mwenyewe mwingine!

Akachukua futi ya kushonea, akajipima kifundo cha mkono. Inchi nane kasoro kidogo. Basi si yake. Na katika jengo lao la Fereej Bin Mahmoud, mwenye mkono wa inchi sita alikuwa mmoja tu: Charity, nesi wa Kikenya wa ghorofa ya chini, mwembamba, mcheshi, anayemchekea Khalfan kila wakikutana kwenye ngazi. Tena wiki hii bosi wa Khalfan anasafiri kwenda Finland, na Khalfan, dereva wake, atabaki hana kazi. Wamepanga hawa, wamepanga kweli!

Wivu ulimkaba mpaka machozi yakamtoka. Ni wivu huu huu uliokwisha kumtia hasara. Talaka mbili zilishatoka, mara zote mbili wakarudiana. Ya tatu ikitoka, hakuna tena kurudiana. Alilijua hilo, na bado akatoka jikoni mbiombio.

"Kampe huyo nesi wako!"

"Nesi gani tena, Salha?"

"Mikono laini, eh? Nimesikia kwa masikio yangu!"

Khalfan akaangua kicheko. "Masikini! Hebu kaa nikueleze."

Kicheko kile ndicho kilichomchoma zaidi. "Sitaki kuelezwa! Niache, kama wewe mwanamume kweli!"

"Usiseme hivyo. Unajua imebaki moja."

"Niache! Au na hilo mpaka ukamwulize mama yako, huyo aliyeshindwa kukulea?"

Khalfan aliacha kucheka.

"Mama yangu hayumo. Haya, nimekuacha. Ya tatu hiyo."

Akatoka, mlango akauacha wazi.

Salha akaburura sanduku mpaka sebuleni, akawa anatupia nguo ndani, huku akimlaani Charity na kifundo chake. Afadhali hivi, alijiambia. Afadhali aondoke kuliko kuonwa mjinga.

"Hodi!"

Alikuwa Ibrahimu, jasho linamtiririka, mabegani kabeba mashine yenye mishikio miwili na chuma kirefu kilichojisokota, ncha yake kali. Akaitua sakafuni kwa uangalifu.

"Shemeji, mwambie Khalfan kekee yake hii. Inchi sita, ya betri, nyepesi kama alivyotaka. Bosi wake na mikono yake laini ile atatoboa barafu ya ziwa zima huko Finland, avue samaki mpaka achoke!"

Kisha akaliona sanduku.

"Hee! Unasafiri, shemeji?"