Vioo vya Matangani

Tangu kila mtu alazimishwe kuvaa usoni kioo kinachoonyesha yaliyo moyoni, hakuna matanga yaliyotia aibu kama ya dada yake Mwanahija. Nyumba ilifurika watu, na vioo vyote vilikuwa vinacheka.

"We Mwanahija, tengeneza hicho kidude chenu! Mtaa mzima utatusema!" alifoka shangazi, kioo chake kikikenua.

Mwanahija, mmoja wa wanaojitolea kurekebisha programu huria inayochora nyuso hizo, aliketi mkekani na simu, akaipata kasoro, akaisahihisha. Mara vioo vyote vikalia, isipokuwa cha mume wa marehemu.

"Shemeji," alinong'ona, kioo kikicheka vilevile, "changu mbona umekiacha?"

Mwanahija aliipitia programu upya. Haikuwa na kosa popote.