Matundu Manane

Mkanda ule ulikuwa na matundu manane, na Delmar Stovall alikumbuka vizuri kwamba alitoboa matano tu.

Aliugeuza juu ya meza ya kazi. Upande wa ndani palikuwa na nyota ndogo, alama ya mkono wake, na herufi W. Aliutengeneza yeye mwenyewe, humu humu dukani mwake Llano, Texas, mwanawe Wade alipotimiza miaka ishirini.

Sasa ulikuwa mwaka wa tisa hawasemezani. Wade alifika kwenye mashindano ya shabaha akinuka bia, na baba akamnyang'anya bastola mbele ya umati, akamfukuza kama mbwa. Hasira hasara, lakini nani angemwambia Delmar? Tangu siku hiyo kijana akipiga simu kutoka San Angelo, mzee hukata kabla salamu haijaisha.

"Wewe ndiye mkewe," alimwambia mwanamke aliyeuleta mkanda.

"Ndiyo, Mzee. Naitwa Darla. Nimekuja kwa sababu Wade..."

"Ngoja kwanza. Mkanda husema kweli kuliko watu."

Alinyoosha futi kutoka kwenye bizimu hadi tundu lililopanuka kuliko yote, maana mkanda hupimwa hapo, si ncha kwa ncha. Inchi arobaini na mbili: tumbo la bia. Kisha alama ya bizimu ilihama. Thelathini na nane. Thelathini na tano. Tundu la mwisho lilikuwa thelathini kamili.

Moyo wa mzee uliruka.

"Ameacha bia!"

"Mwaka wa pili huu hajaigusa."

"Na hili la mwisho, nani katoboa kwa msumari? Kazi ya punda hii!"

"Mimi. Suruali zilikuwa zinamvuka."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Darla hakucheka. Ananiogopa, mzee akawaza, wengi walimwogopa.

"Haya, anataka nini?"

"Mkanda mpya, na mfuko wa bastola. Alitaka utengeneze wewe, si mtu mwingine."

"Wa mashindano au wa kila siku? Wa mashindano huwa wazi, mkono uchomoe upesi. Wa kila siku hubana, ukalala ubavuni, koti likafunika."

Darla alifikiri kidogo. "Wa kila siku. Haraka hana."

"Anaendesha gari sana? Mfuko ukikaa vibaya humchoma mtu akiketi."

"Haendeshi siku hizi. Ila uwe mzuri, Mzee. Jumamosi watu wote wa klabu ya shabaha wanakuja."

"Kumbe amerudi klabu! Na hunielezi!"

"Mzee, kuna jambo ni..."

"Utaniambia kesho. Nikishika ngozi, masikio yangu huziba."

Alimsindikiza mpaka mlangoni, akarudi ndani na kushusha kutoka rafu ya juu ile ngozi aliyomnyima kila mteja kwa miaka saba. Aliukata mkanda kwa inchi thelathini. Mfuko aliushona wa kushoto, kwa kuwa Wade ni shoto. Akauloweka, akaufinyanga kwa vidole gumba juu ya bastola ya plastiki ya buluu, ile ya kutolea umbo. Ngozi ikiwa mbichi hukubali kukunjwa; ikikauka, imekauka. Yeye alijaribu kumkunja mwanawe alipokwisha kukauka, tena kwa ngumi. Alilia peke yake, bila kujificha, na huku akilia alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja kwa miaka mingi. Alijaribu maneno ya kuomba radhi. Hakupata yaliyo mazuri. Akachagua mafupi.

Ijumaa mchana Darla alirudi. Aliupitisha mkono juu ya mishono, akaguna.

"Hiyo ya plastiki naomba ibaki humo humo."

"Sawa kabisa, ngozi isipoteze umbo. Kumbe amekufundisha!"

Darla alinyoosha mkono kuupokea mzigo. Mzee akaurudisha kifuani.

"Huu siutumi. Nitauleta mwenyewe kesho. Mwambie nitamfunga kiunoni kwa mikono yangu, kama nilivyomfunga wa kwanza akiwa na miaka kumi na miwili. Tena mwambie safari hii nitamsikiliza mpaka mwisho. Mashindano yanaanza saa ngapi?"

Darla alimshika ule mkono uliochafuka rangi ya ngozi. Kwa mara ya kwanza mzee alinyamaza, akamngoja amalize.

"Njoo saa tatu, baba," alisema. "Saa nne wanafunga jeneza."