Saumu ya Bi Mwanaharusi

Bi Mwanaharusi, ambaye macho yake hayakuwa yakiona, aliongozwa na bintiye hadi kwenye duka la saa. Akamwambia fundi mpya, Mlacha, amrudishie saumu yake.

"Kwani ile saa ya ukutani ina nini, Bi Mkubwa?" aliuliza Mlacha. "Nimeisafisha, nimeitia mafuta, hata majira nimeyatega upya. Ilikuwa imepotea kwa saa sita nzima."

"Haikupotea. Marehemu mume wangu aliitega hivyo kwa ajili yangu. Ikiwa saa moja igonge mara moja, ikiwa saa sita igonge mara sita. Mimi nahesabu mlio, mwanangu. Mishale siioni."

"Nilidhani ni kosa."

"Jana mvua, jua sikulihisi. Saa ikagonga mara kumi na mbili. Nikasema alhamdulillahi, magharibi hiyo. Nimemaliza tende na bakuli la uji, ndipo naisikia adhana ya adhuhuri."

Binti aligeukia mlangoni, mtandio mdomoni, mabega yakimtikisika.

"Unisamehe, Bi Mkubwa. Leo hii nitaitega kama zamani."

"Vizuri. Na ile siku nitailipa Jumatatu baada ya Idi. Tutafunga sote wawili."

"Lakini mimi ni Mkristo."

"Sikukwambia uswali. Nimekwambia ufunge."

Jumatatu hiyo alasiri, wateja walimkuta Mlacha ameketi katikati ya saa zilizosubiri matengenezo. Macho yake yalikuwa kwa moja tu, ile iliyoletwa kwa sababu inakimbia.