Ulinzi wa Kete Nyeusi

"Kisisilia!" Fundi alipiga ngumi kwenye meza ya karakana, kete za sataranji zikaruka. "Nitamvamia kutoka pembeni. Nataka kumwona anatoka jasho, mbwa yule."

"Ulinzi wa Kisisilia unafungua ubao, baba," mkwe wake alisema. "Utamnyuka au atakunyuka, lakini upesi. Cheza Kifaransa. Funga katikati."

"Nijifungie kama panya? Askofu wangu akae nyuma ya vitunda, askari wadogo wa kwake mwenyewe, hana pa kupita?"

"Akae tu."

Fundi alimkazia macho. Mkwe huyu ndiye aliyekuwa dereva wa Meneja wa kiwanda. Gari lenyewe lilinunuliwa kubeba wagonjwa. Meneja alipolitamani, Fundi huyuhuyu ndiye aliyeamriwa kung'oa kitanda cha mgonjwa na kufunga kiti cha ngozi.

Kisha mke wa Fundi akaugua. Walimlaza barazani pa ofisi kusubiri gari, na Meneja yuko ndani anacheza. Mtu yule akishaketi mbele ya ubao, hata nyumba iungue hanyanyuki, na hakuna wa kugusa gari bila ruhusa yake. Alipotoka, mwili wa mama wa watu ulishapoa.

"Pole," Meneja alisema. Pole! Wakubwa hawakosi pole. Kinachokosekana ni gari.

Leo ilikuwa zamu ya Fundi kucheza naye.

"Mkeo anaendeleaje?" Fundi alimuuliza mkwe wake.

"Tangu alfajiri uchungu haujamwacha akae kitako, baba."

Fundi alizikusanya kete nyeusi moja moja.

"Haya. Kifaransa," alisema, kama anayetema shubiri.

Ofisini madirisha yalikuwa yamefungwa, kiyoyozi kinanguruma. Meneja alisukuma kitunda cha mfalme hatua mbili. Fundi akasukuma chake hatua moja.

"Moja tu? Unaniogopa, Fundi?"

Fundi alisukuma kitunda kingine. Vitunda vikakabana katikati kama watu mlangoni, wanasukumana na hakuna anayepita. Askofu wake akabaki kizuizini. Meneja aliagiza chai, akaisahau ikapoa, akaagiza nyingine. Mara mbili Fundi aliona nafasi ya kumla farasi wa Meneja. Mkono ulimwasha. Akaukalia.

"Kobe wewe! Mwanamume hushambulia!"

"Taratibu, bosi. Sisi wa darasa la nne tunafikiri kwa miguu."

Meneja alicheka hadi akafuta machozi. Fundi alimtazama koo, akasogeza ngome pembeni, akairudisha ilikotoka.

Jua lilikuwa limeshahamia ukuta wa pili mlango ulipogongwa. Dereva alisimama kizingitini, shati limemganda mgongoni.

"Gari tayari, bosi," alisema, lakini macho yake yalikuwa kwa mkwewe. Akaitikia kwa kichwa mara moja.

Fundi alimlaza mfalme wake ubaoni.

"Nimeshindwa."

"Umeshindwa wapi? Mbona mchezo bado mbichi!"

"Nimechoka, bosi."

"Ndiyo maana hamwendelei, nyinyi. Hamna moyo." Meneja alivaa koti, akatoka akipiga mluzi.

Fundi alikuwa akirudisha kete sandukuni aliposikia ukelele uani.

"Nani amelowesha kiti changu?"

Fundi alifungua dirisha.

"Mjukuu wangu," alijibu. "Pole, bosi."